Kidonge cha Presha na Siku ya Mama Lishe: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Tandika

Mwanamke ninayemzungumzia hapa ana umri wa miaka 52, anauza chakula cha mchana pembezoni mwa soko la Tandika, wilayani Temeke, na kwa zaidi ya miaka miwili kadi yake ya kliniki ilikuwa ikiandikwa maneno yaleyale: presha iko juu, hatumii dawa ipasavyo, ameelimishwa. Nitamwita Mama Zuhura, jina ambalo si lake, na baadhi ya mambo ambayo yangeweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Nimekichagua kisa chake kwa sababu hakina jambo la ajabu hata moja. Kila anayefanya kazi katika kliniki za magonjwa yasiyoambukiza jijini Dar es Salaam amekutana na mtu wa namna hii, na mara nyingi kliniki ikishaandika neno hilo la mwisho, "ameelimishwa", huona kwamba wajibu wake umekwisha na uliobaki ni wa mgonjwa.

Mama Zuhura hakukosa elimu. Anajua kwamba presha huleta kiharusi, anajua kwamba dawa yake ni ya kila siku, na anaweza kuyasema hayo bila kusita. Kilichokuwa kikiamua kama kidonge kitamezwa au hakitamezwa kilikuwa mahali pengine: katika saa za kazi yake, katika dalili anazozisikia mwilini, katika fedha inayozunguka mikononi mwake, na katika namna alivyopokelewa kila alipofika dirishani. Nitaonyesha jinsi mambo hayo yalivyoshikana, maana yakitazamwa moja moja kila moja linaonekana dogo.

Ukubwa wa tatizo lenyewe unajulikana tangu zamani. Utafiti uliofanyika Ilala na katika eneo moja la vijijini mkoani Kilimanjaro, ukachapishwa mwaka 2000, ulikuta kwamba takribani watu wazima 30 kati ya kila 100 wa Ilala walikuwa na shinikizo la juu la damu. Kati ya waliokuwa nalo, chini ya mmoja katika watano ndiye aliyejua, mmoja hivi katika kumi alikuwa akitibiwa, na wale ambao presha yao ilikuwa imeshuka chini ya 140/90 hawakufika hata mmoja katika mia. Mradi mwingine, uliohesabu visa vipya vya kiharusi kati ya mwaka 2003 na 2006, ulionyesha kwamba baada ya kusawazisha tofauti za umri, eneo lililochunguzwa Dar es Salaam lilikuwa na visa takribani 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, ilhali wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ilikuwa na visa 109. Tangu hapo mashine za kupimia zimeenea hadi sokoni na kwenye maduka ya dawa. Mama Zuhura amekwishapanda ngazi mbili za kwanza, yaani anajua na ameandikiwa dawa, na kisa chake kinahusu ngazi ya tatu, ya kuishusha presha, ambako hata wengi wa walioandikiwa dawa hukwama. Wala hilo si la kwetu peke yetu: mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hata katika nchi tajiri ni nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata tiba kama walivyoelekezwa.

Mwenendo wa kisa

Aligundulika bila kutarajia. Palikuwa na upimaji wa bure karibu na soko, akasogea kwa kuwa majirani zake wa biashara walikuwa wamekwishapanga foleni, na mashine ikasoma 178/104. Kipimo kilirudiwa siku nyingine katika kituo cha afya, kikatoka karibu na hapohapo. Akaandikiwa amlodipini ya miligramu 5, kidonge kimoja kila siku asubuhi baada ya kula, akaambiwa apunguze chumvi na mafuta, afanye mazoezi, na aache mawazo. Alimeza kwa mwezi na siku kadhaa. Maumivu ya kisogo aliyokuwa nayo muda mrefu yakatoweka, na kwake yeye huo ndio ulikuwa ushahidi kwamba dawa imemaliza kazi. Ramadhani ilipoingia akaacha kumeza asubuhi kwa sababu ya funga, na ilipokwisha hakurudia, kwa kuwa kisogo kilikuwa hakimsumbui. Kidonge cha mara moja kwa siku kingeweza kuhamishiwa wakati wa kufuturu au wa daku, lakini hakuna aliyemwambia hivyo, na yeye hakuona sababu ya kuuliza juu ya dawa ya ugonjwa ambao alidhani umekwisha.

Miezi kadhaa baadaye alirudi kliniki akiwa na presha iliyokaribia ile ya mwanzo. Muuguzi alimuuliza, foleni nzima ikisikia, kama anameza dawa zake. Akajibu, "Nameza." Sidhani kama katika kisa hiki kuna neno lililobeba matokeo mazito kuliko hilo. Daktari, akiwa na mbele yake mgonjwa anayesema anameza na presha isiyoshuka, alifanya kile ambacho tiba ilimtaka afanye: alipandisha amlodipini hadi miligramu 10 na akaongeza haidroklorothiazidi, dawa inayoifanya figo itoe chumvi na maji zaidi, ambayo Mama Zuhura anaiita kidonge cha mkojo. Yaani mtu ambaye hakuwa anatumia dawa hata moja alitoka pale na dawa mbili, moja ikiwa imeongezwa nguvu.

Alijitahidi kuvimeza kwa siku chache, kisha akakiacha kidonge cha mkojo, na baadaye akaacha vyote. Binti yake, aliyekuwa amekuja kukaa naye baada ya kujifungua, aliona vidonge vimejaa mkobani, akampeleka apimwe kwenye duka la dawa, na tarakimu alizozikuta zilimtisha. Kuanzia kesho yake akawa anamsimamia mama yake ameze vyote kwa pamoja kila asubuhi. Siku ya tatu Mama Zuhura, akiwa amesimama mbele ya majiko mawili ya mkaa, juani, akiwa hajaweka kitu tumboni zaidi ya chai, alishikwa na kizunguzungu akaketi chini, wanawake wa meza za jirani wakamwagia maji. Kwa mwili uliokwishazoea presha ya juu kwa miaka, dozi kubwa inayoanza ghafla inaweza kabisa kuleta hali hiyo. Kwake, na kwa wote waliokuwapo, ilikuwa thibitisho kwamba dawa zile ni kali na zinataka kumwangusha. Tangu siku hiyo akawa ananunua amlodipini dukani, vidonge vitano vitano, anameza kisogo kinapouma na kuacha kinapopoa.

Nikiutazama mwendo huu tangu mwanzo, sioni hatua hata moja ambayo mtu mwenye akili timamu asingeichukua kwa taarifa alizokuwa nazo. Binti alifanya alivyopaswa, daktari naye vilevile, na Mama Zuhura alifuata alichokiona kwa macho na kukisikia mwilini. Maelekezo ya kliniki na maisha yake vilikuwa vikienda sambamba bila kukutana.

Saa za siku yake

Huamka saa kumi alfajiri. Maharage huwa yamechemshwa usiku. Anapanda bajaji na mwenzake hadi soko la Temeke Stereo kuchukua nyanya, vitunguu na mboga, na siku ambazo samaki wamepatikana kwa bei nzuri mtu wake humletea kutoka Feri. Saa mbili moto unakuwa umewaka. Saa tatu hunywa chai ya rangi na chapati, na hicho ndicho alichokielewa kuwa "asubuhi baada ya kula", kwa hiyo hapo ndipo alipokuwa anameza dawa zake. Wateja wa kwanza, makuli na madereva wa bodaboda, hufika saa tano na nusu. Kuanzia saa sita hadi saa nane ndipo fedha karibu yote ya siku inapopatikana, na anayeondoka mezani katika saa hizo mbili amepoteza siku.

Sasa tuiweke haidroklorothiazidi ndani ya saa hizo. Dawa hii huanza kuongeza mkojo ndani ya saa mbili hivi baada ya kumezwa, na nguvu yake hufikia kilele karibu na saa ya nne. Aliyeimeza saa tatu asubuhi huanza kubanwa saa tano, na hubanwa zaidi saa saba mchana. Choo kilicho karibu ni cha kulipia, kiko ng'ambo ya soko, na kufika huko ni kupenya katikati ya mikokoteni na wanunuzi, huku sufuria, sahani na kisanduku cha fedha vikiachiwa msichana anayemsaidia kuosha vyombo. Aliniambia kwamba siku ya pili alibana hadi tumbo likauma, na siku ya tatu alikwenda, akarudi akakuta wateja wa meza nzima wamehamia kwa jirani. "Mwanangu," alisema, "ningemeza kile kidonge ningefunga biashara."

Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza choo kiko wapi. Swali lenyewe halina nafasi katika fomu, wala halionekani kuwa la kitabibu, na bado ndilo lililotenganisha dawa na mgonjwa wake. Daktari angeweza kuchagua dawa nyingine tangu mwanzo kama angejua, kwa maana zipo.

Siku ya kliniki ina hesabu yake pia. Mtu hufika saa moja asubuhi ili apate namba ya mbele, hupimwa saa tatu, humwona daktari saa tano ikiwa bahati yake ni nzuri, na hupokea dawa mchana. Amlodipini yenyewe ni miongoni mwa dawa za bei nafuu. Kinachogharimu ni siku nzima ya kazi, na kwa mama lishe hasara ya siku moja haiishii kwenye faida ya siku hiyo. Mtaji wa kesho hutoka katika mauzo ya leo, mteja aliyekula kwa jirani leo huenda akabaki hukohuko, na marejesho ya mkopo hayangoji. Mama Zuhura alikuwa amechukua mkopo wa aina ambayo mitaani huitwa kausha damu, wenye marejesho ya kila wiki, na mkusanyaji wake alikuwa akija sokoni siku moja na ile ya kliniki. Kati ya miito miwili, mmoja ungemwaibisha mbele ya wenzake siku hiyohiyo, na wa pili ulizungumzia kiharusi ambacho huenda kikaja baada ya miaka. Alichagua kama ambavyo wengi wangechagua.

Kuna pengo jingine ambalo nitaligusa kwa ufupi. Uchangiaji wa gharama za matibabu nchini ulianza mwaka 1993, na sera ya misamaha imeweka mkazo kwa watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza. Mwanamke wa miaka 52 anayejitafutia riziki hayumo katika kundi lolote kati ya hayo, ingawa huu ndio umri ambao presha huanza kuharibu figo na moyo kimyakimya. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaweza kulibadilisha hilo, ikiwa michango itapangwa kwa kuzingatia mtu ambaye kipato chake huingia kwa siku na si kwa mwezi.

Anachokisikia mwilini

"Mwili wangu naujua. Ikipanda, kisogo kinagonga na masikio yanavuma." Maneno haya ya Mama Zuhura ningeyasikia karibu popote jijini, na yanasikika mbali zaidi ya hapa. Mwaka 1985 watafiti Daniel Meyer, Howard Leventhal na Mary Gutmann walichapisha uchunguzi wao wa wagonjwa wa presha nchini Marekani, ambamo wengi walikubali kwamba kwa kawaida mtu hawezi kujua presha yake imepanda, kisha haohao wakasema kwamba wao wenyewe huweza. Mtu hupokea maelezo ya daktari kuhusu watu kwa jumla, lakini kuhusu nafsi yake huamini anachokisikia. Dawa hupimwa kwa dalili: dalili ikiondoka, dawa imekwisha kazi, dalili isipoondoka, dawa haifai. Ugonjwa usio na dalili hauna mahali pa kusimama katika hesabu hiyo.

Juu ya hapo Mama Zuhura ana maelezo ya chanzo. Presha, kwake, inatokana na mawazo, na mawazo yake yalikuwa na jina na tarehe: mkopo. Alipomaliza marejesho ya awamu moja alilala usingizi mzuri, kisogo kikatulia, akahitimisha kwamba amepona. Hitimisho hilo lilikuwa limeungwa mkono na kliniki yenyewe, ambayo ilimwambia "acha mawazo" katika pumzi ileile iliyomwandikia kidonge. Mgonjwa akiambiwa kwamba tiba ni kidonge na kuacha mawazo, halafu mawazo yakaisha, kwa nini aendelee na kidonge? Naona ushauri huo una madhara makubwa kuliko faida, kwa kuwa hakuna anayeweza kuutekeleza kwa kuamrishwa, na unampa mtu sababu halali ya kuacha dawa kila mambo yake yanaponyooka.

Halafu kuna jirani yake aliyepata kiharusi. Alikuwa akimeza dawa, akaacha, na baada ya miezi akaanguka bafuni. Kliniki ingetumia kisa hicho kuonyesha hatari ya kuacha. Mtaani kilieleweka kinyume chake: dawa za presha ukishazianza huwezi kuziacha, na siku ukiziacha ndipo zinakuua, kwa hiyo afadhali usizianze. Masimulizi haya hayatokani na ujinga. Yanatokana na mfululizo wa mambo uliotazamwa kwa makini na watu ambao hawakuonyeshwa kile kilichokuwa kikiendelea ndani ya mishipa tangu kabla ya kidonge cha kwanza. Anayewacheka hatawabadilisha.

Katika miaka ya 1950 Godfrey Hochbaum na wenzake katika idara ya afya ya umma ya Marekani walijiuliza kwa nini watu hawakwenda kupigwa picha za kifua kuchunguzwa kifua kikuu hata pale huduma hiyo ilipokuwa ya bure na karibu. Walichokiona ni kwamba mtu hupima kama yeye binafsi yumo hatarini, kama hatari hiyo ni nzito, kama hatua anayoambiwa achukue itamfaa, na vikwazo vilivyo njiani. Nikimweka Mama Zuhura katika mizani hiyo, woga wa kiharusi anao tele. Kilichokuwa kikilemea ni upande wa vikwazo, na imani yake katika faida ya kidonge ilikuwa imevunjika siku ile ya kizunguzungu. Hata hivyo kliniki iliendelea kuongeza upande wa woga. "Mama, unataka kupooza?" ndilo swali aliloulizwa. Woga unaoongezwa kwa mtu ambaye njia yake imezibwa humfanya aache kuja, au ajifunze kujibu "nameza".

Ndiyo maana nasema neno hilo lilibeba matokeo mazito. Lilikuwa kinga dhidi ya kufokewa mbele za watu, tena na binti wa umri wa mwanawe. Mwanamke ambaye sokoni vijana humwamkia "shikamoo mama" kabla hawajaagiza wali, hapa anahojiwa kama mtoto aliyetoroka shule. Alijihifadhia heshima yake kwa neno moja, na neno hilo likageuka kuwa miligramu kumi.

Chumvi

Sehemu hii inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu Mama Zuhura si mlaji wa chumvi tu, ni mpishi wa watu wengi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambazo ni kijiko kidogo cha chai kisichojaa. Alipoambiwa apunguze chumvi alitii mara moja: aliacha kabisa kuongeza chumvi mezani, ile inayoitwa chumvi mbichi. Iliyopikwa, kwa uelewa wake na wa wengi jijini, haina neno, imekwishaiva. Hivyo kila alipoulizwa alijibu kwa dhati kwamba chumvi ameacha, na safari hii hakuwa akificha kitu.

Nilikaa naye nyuma ya meza wakati wa mapishi. Mchuzi wa maharage huonjwa kabla ya nazi na baada ya nazi, mchuzi wa samaki huonjwa nyanya zikishaiva, kisha tena ndimu ikishakamuliwa, mchicha huonjwa, wali huonjwa maji yake kabla mchele haujatiwa. Kila mara ni upawa unaodondoshwa kiganjani na kulambwa. Juu ya chumvi huja viungo vya pakiti, ambavyo yeye huvihesabu kuwa viungo, na siku samaki wabichi wakipanda bei huja ng'onda, ambao wamekaushwa kwa chumvi. Kufika saa sita amekwishakula chumvi nyingi, ilhali kwa kumbukumbu yake hajala kitu zaidi ya chapati.

Kupunguza chumvi sufuriani kuna watu wengine ndani yake. Kuli aliyebeba magunia tangu alfajiri, jasho likimtoka, hutaka mchuzi uliokolea, na meza ya pili iko hatua chache. Mwanamke huyu akipika chapwa leo, kesho hana wateja. Kumwambia abadilishe ladha peke yake, katika soko ambalo kila meza ina ladha moja, ni kumtaka alipie afya yake kwa mtaji wake.

Yaliyobadilishwa

Susan Michie, Maartje van Stralen na Robert West walipendekeza mwaka 2011 kwamba tendo lolote la mtu lipimwe kwa mambo matatu: uwezo wake, fursa inayomzunguka, na msukumo alio nao. Naona mgawanyo huo unafaa hapa hasa kwa sababu unamlazimisha mhudumu aitazame fursa, ambayo kwa kawaida huachwa kando wakati juhudi zote zikimiminwa kwenye elimu na makemeo. Mabadiliko yaliyofanyika katika kisa hiki karibu yote yalikuwa ya fursa.

Yalianza na mazungumzo faraghani, ambamo muuguzi mwingine, mtu mzima, hakuuliza kama anameza. Alisema kwamba wagonjwa wengi huruka siku kadhaa, akamwomba Mama Zuhura aeleze siku yake tangu kuamka hadi kulala. Habari ya choo ilitoka yenyewe kabla maelezo hayajafika mchana. Daktari alipoelezwa aliondoa haidroklorothiazidi, akaanza upya na amlodipini ya miligramu 5, kisha baada ya vipimo vya damu vya figo na potasiamu akaongeza losatani, dawa nyingine ya presha, kwa dozi ndogo. Kwa umri wake suala la ujauzito, ambalo huizuia dawa hiyo, halikuwapo. Alimweleza mapema kwamba akishikwa na kizunguzungu aseme, na kwamba dozi hupunguzwa, haiachwi.

Saa ya kumeza ilihamishwa hadi usiku, anapomaliza kuhesabu mauzo, jambo ambalo hakosi kulifanya kila siku. Palikuwa na wasiwasi kama kuhamisha kungepunguza nguvu ya dawa. Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2022, lenye washiriki zaidi ya 21,000, halikukuta tofauti ya mashambulizi ya moyo, viharusi au vifo kati ya waliomeza asubuhi na waliomeza jioni, kwa hiyo wakati ulio bora ni ule ambao mtu hatausahau. Ramadhani nayo imepata jibu lake bila ubishi wowote.

Dawa zikaanza kutolewa za miezi miwili kwa mkupuo presha ilipoanza kutulia. Kliniki za watu wanaoishi na VVU nchini zimekwishazoea kumpa mgonjwa aliyetulia dawa za miezi kadhaa, na sioni kwa nini mgonjwa wa presha afungiwe siku ya kazi kila mwezi kwa ajili ya vidonge vilevile. Siku ya kliniki ilisogezwa isigongane na marejesho.

Mengine yalitoka kwa wenzake wa kikoba. Wanawake hao hukutana kila wiki kuweka hisa, na mmoja wao ana mashine ya kupimia aliyonunuliwa na mwanawe. Walikubaliana kupimana kabla ya kufungua sanduku, kila mmoja akiwa ameketi kwanza dakika tano. Wiki kadhaa zilipopita Mama Zuhura alikuwa amejionea mwenyewe jambo ambalo hakuna bango lililowahi kumfundisha: kisogo kikiwa kimetulia mashine ikasoma 164 kwa namba ya juu, na siku nyingine kisogo kikigonga ikasoma 138. Hapo ndipo imani ya kuujua mwili ilipoanza kulegea. Wasomaji wa umri mkubwa watakumbuka kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowafikia watu wapatao milioni mbili. Redio ilisikika, lakini ilisikilizwa katika vikundi, vikundi vikajadili, kisha vikaenda kuchimba vyoo pamoja. Kampeni nyingi za siku hizi zimechukua tangazo na kukiacha kikundi.

Kuhusu chumvi, mama lishe wanne wa upande ule wa soko, ambao wawili wao pia wana presha, walikubaliana kupunguza kidogo kidogo kwa pamoja, na kuongeza ndimu, tangawizi na pilipili. Mama Zuhura sasa hutema na kusukutua baada ya kuonja, au humwachia msichana wake kuonja. Mmoja kati ya wale wanne amejitoa baada ya wateja kulalamika, na huenda wa pili akamfuata. Sehemu hii bado haijasimama.

Alipokwenda kliniki mara ya mwisho presha ilikuwa 148/92, chini sana kuliko alikoanzia lakini bado juu ya 140/90. Daktari hakuongeza dawa. Alimuuliza kwanza ni siku ngapi hakumeza, naye akajibu kwamba ni siku tano, aliposafiri kwenda Rufiji msibani akasahau mkoba wa dawa nyumbani. Akapewa karatasi ya akiba ya vidonge akae nayo ndani ya pochi ya fedha, dozi ikaachwa ilivyo, na akapangiwa kurudi baada ya miezi miwili, siku ya Alhamisi, ambayo soko huwa limepoa.